Mabati ya mheshimiwa na dakika tano za maikrofoni

*Tumsifu Yesu Kristu, mama. Mimi ni katibu wa kigango kimoja, kanisa dogo chini ya parokia, kaunti ya Nakuru. Paa letu linavuja, na Jumapili za mvua tunawahamisha watoto kutoka upande wao. Kwa miaka miwili jumuiya zetu nne zimechanga shilingi 180,000. Fundi anataka 420,000. Sasa mheshimiwa anayewania kiti ameahidi kuleta mabati yote. Ombi lake ni dakika tano tu baada ya komunyo, awasalimu watu. Wazee wanasema riziki haikataliwi. Vijana wameapa kwamba akishika maikrofoni watatoka nje. Mimi ndiye nimeachiwa barua ya kumjibu. Niandike nini?*

Milele amina, mwanangu.

Nilikuwa mweka hazina wa parokia kwa miaka tisa, na barua yako imenirudisha kwenye Jumapili moja ambayo bado inaniuma. Mgombea mmoja alituletea viti vya plastiki 200, nasi tukampa maikrofoni. Alianza na salamu, akaishia kumtukana mpinzani wake, ambaye mama yake mzazi alikuwa ameketi benchi la tatu, rozari mkononi. Mama yule aliinuka taratibu akaenda zake. Kwa miezi mitano hakukanyaga kwetu. Alitembea hadi parokia jirani, na magoti yake yalikuwa mabovu. Risiti ya vile viti niliiandika mimi.

Kwa hiyo la maikrofoni halina mjadala kwangu. Baada ya komunyo watu wanashukuru, na dakika hizo si zako wala za paroko kumgawia mtu. Maaskofu wetu wa Kenya walikwisha kulisema hili Septemba 2021: mwanasiasa akija Misani, asali kama waumini wengine, asihutubie.

La mabati ni gumu zaidi, na hapa naomba vijana wawasikilize wazee. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1267, inasema sadaka haikataliwi bila sababu ya haki, na jambo likiwa kubwa lazima askofu aruhusu ikataliwe. Kigango hakiwezi kuamua peke yake. Paroko lazima ajue, na baraza la fedha la parokia pia. Kanuni hiyohiyo inasema kilichotolewa kwa kusudi fulani kitumike kwa kusudi hilo tu. Basi mheshimiwa aandike kusudi lake. Akiweza kuandika "paa" na asiongeze lingine, hiyo ni sadaka.

Lakini sababu ya haki ipo wakati mwingine. Utakumbuka Novemba 2024. Tarehe 14 maaskofu waliikemea serikali hadharani, wakataja utamaduni wa uongo. Siku tatu baadaye Rais Ruto alisali katika kanisa la Soweto, Nairobi, akatoa shilingi milioni 2.6, zikiwamo za kujengea nyumba ya paroko. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza fedha hizo zirudishwe. Nilisikia watu wakisema ni kiburi, kwamba maskini wa Soweto ndio walioumia. Mimi nasema alifanya vyema. Angezipokea, nani angeamini tena neno la tarehe 14? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, uliandika mwaka 1965, katika hati yake juu ya Kanisa na ulimwengu wa leo, kwamba Kanisa haliweki tumaini lake katika upendeleo wa watawala, na litaacha hata haki zake halali pale zinapotia shaka ushuhuda wake. Wala si jambo la jana: katika karne ya 2 Wakristo wa Roma walimrudishia Marcion, mwenye meli, sesterti zake 200,000, sarafu za Kirumi, walipotengana naye kwa sababu ya mafundisho yake.

Sasa lifungue daftari la zile 180,000. Najua lilivyo, maana nimeshika la kwetu. Kuna mstari wa shilingi 50, wa mama anayeuza sukuma, umerudiwa kila mwezi. Je, majina yale yamewahi kusomwa kanisani? Yesu aliketi kuelekea sanduku la sadaka akamtazama mjane maskini, na ni mjane huyo ambaye Yesu aliwaonyesha wanafunzi wake. Mkimpigia makofi aliyeleta lori moja, yule wa sukuma ataona miaka yake miwili imefutwa asubuhi moja.

Barua iwe fupi:

"Mheshimiwa, tumepokea ahadi yako kwa heshima. Jumapili karibu tusali pamoja. Hatutakuwa na hotuba. Ukipenda kutusaidia, tafadhali peleka sadaka yako ofisi ya parokia siku ya kazi. Paroko akiridhia, utapewa risiti iliyoandikwa kusudi: paa la kigango. Jina lako litasomwa pamoja na ya wote waliochanga, kwa mpangilio wa alfabeti, bila kutaja kiasi."

Mwonyeshe paroko kabla hujaituma, aamue kama lifike kwa askofu. Mheshimiwa akinyamaza baada ya kuisoma, msimfuate. Mwiteni fundi na hizo 180,000 mlizo nazo, aanze na upande wa watoto.