Tumenunua kiwanja, tukakuta tangi la petroli ardhini: nani anawajibika?

SWALI: Shikamoo wakili. Mwaka jana mimi na kaka yangu tulinunua kiwanja Gungu, hapa Kigoma, tujenge nyumba ya wageni. Mafundi wakichimba msingi wamekuta tangi la chuma, na udongo wote unanuka petroli. Wazee wa mtaa wanasema zamani palikuwa na kituo cha mafuta, muuzaji hakutuambia. Jirani wa upande wa chini ana kisima, naye analalamika maji yana harufu. Kaka anataka tufukie tuendelee kujenga. Mimi nataka tusafishe, ila naogopa: tukisafisha, si tutakuwa tumekiri kwamba uchafu ni wetu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Sheria itasubiri kidogo, kisima hakisubiri. Nenda kwa jirani leo hii, mwambie asinywe wala asipikie maji hayo, na asitegemee kuyachemsha. Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, kiasi ambacho pua haiwezi kukisikia. Kwa hiyo hata harufu ikipotea, msidhani maji yamekuwa salama. Pili, fundi yeyote asithubutu kukata tangi hilo kwa gesi au kulichomelea. Tangi tupu lililobaki na mvuke wa petroli hulipuka, na watu hufa.

Sasa hofu yako. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imesimama juu ya kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa. Aliyeendesha kituo na kuacha mafuta yavuje ndiye wa kwanza kubeba gharama za kuondoa uchafu na kuwafidia walioumia. Kununua kiwanja peke yake hakukufanyi mchafuzi.

Lakini hapa ndipo ninapotofautiana na kaka yako kabisa. Tangi sasa ni lenu, na mnajua lipo. Kwa kanuni ya kero katika sheria ya madhara, yaani sheria ya kumdai fidia aliyekudhuru, mwenye ardhi anayejua kuna kitu kinachomdhuru jirani, halafu asichukue hatua za busara kukizuia, huhesabiwa kwamba ameiendeleza kero hiyo, hata kama hakuianzisha yeye. Mahakama ya juu ya Uingereza ilisema hivyo mwaka 1940 katika shauri la Sedleigh-Denfield, na maamuzi ya namna hiyo hutumika kuzishawishi mahakama zetu. Mkifukia leo, mnageuka kutoka wanunuzi waliodanganywa kuwa watu walioficha. Mvuke nao hautafukika. Utapanda kwenye vyumba vya wageni wenu.

Kusafisha kwa hiari si kukiri kosa. Kinachoweza kuwaponza ni maneno mtakayoandika na mpangilio wa hatua zenu. Kuna wanaosoma habari za Marekani, ambako sheria ya 1980 ya kusafisha ardhi iliyochafuliwa humbana hata mmiliki wa sasa wa ardhi, na majimbo mengi yana mipango ambayo ukisafisha kwa hiari unapewa hati ya kukulinda. Msijenge matumaini juu ya hati ya namna hiyo hapa. Kinga yenu ni kumbukumbu za maandishi.

Andikeni barua kwa NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, nakala kwa afisa mazingira wa Manispaa ya Kigoma Ujiji na kwa Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika. Elezeni mlichokikuta, tarehe, na hatua mlizochukua, kisha muongeze: "Hatua hizi tunazichukua kuzuia madhara, bila kukubali kuwa sisi ndio chanzo cha uchafuzi, na bila kuathiri haki yetu ya kumdai anayehusika." Msibahatishe nani alivujisha.

Sampuli za udongo na maji zichukuliwe na mtaalamu kabla ya kuchimbua chochote, zipimwe maabara, kwa mfano kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na zilinganishwe na viwango vya ubora wa udongo vya kanuni za 2007. Kama kituo kilifanya kazi kabla ya 2006, ombeni wapime na madini ya risasi, kwa sababu petroli ya miaka hiyo iliwekewa risasi. Udongo uliochafuka msiupakie kwenye lori ukamwagwe bondeni. Ni taka hatarishi, kuisafirisha kunahitaji kibali, na mkiutupa ovyo mtakuwa wachafuzi kweli, safari hii bila utetezi.

Kuhusu muuzaji: chini ya Sheria ya Mikataba, kuficha kwa makusudi jambo unalolijua ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuuvunja mkataba. Muuzaji atajitetea kwamba mngeuliza majirani mngejua, kwa hiyo tafuteni ushahidi kwamba alifanya jambo la kuficha, si kwamba alinyamaza tu. Simamisheni ujenzi, maana kuendelea kunaweza kuonekana kwamba mmeukubali mkataba ulivyo. Mpeni notisi kabla hamjatumia fedha za kusafisha, aje ajionee na achukue sampuli zake akitaka. Na msikae: madai ya madhara yana ukomo wa miaka 3, ya mkataba miaka 6. Palipo na udanganyifu muda huanza kuhesabiwa siku mlipogundua, au mlipopaswa kugundua kwa uangalifu wa kawaida, na siku hiyo muuzaji atajitahidi kuirudisha nyuma hadi siku mliyosaini.