Kabla hamjalivunja daraja la zamani, shukeni kwanza mtoni

Wiki iliyopita diwani mmoja alinipigia simu. Katani kwake kuna daraja la chuma la enzi ya Mwingereza. Wataalamu wa halmashauri wanataka livunjwe lijengwe la zege, wazee hawataki hata kusikia. "Kaka, wewe umezeekea kwenye madaraja. Tukarabati au tujenge jipya?" Nikamwambia sitaweza kumjibu mpaka nijue mto unafanya nini chini ya nguzo. Alidhani namkwepa. Swali hili naulizwa mara nyingi, kwa hiyo leo nalijibu kwa kirefu.

Mimi ni fundi sanifu wa ujenzi. Miaka ya mwanzo kazini nilitumwa kukagua daraja la chuma lililosimama juu ya nguzo mbili za mawe. Ilikuwa Septemba, mto umepungua, mchanga umelala vizuri kabisa kuzunguka nguzo. Nilikaa juu siku mbili nikipima ribiti, yaani vipini vya chuma vinavyofunga vipande vya daraja pamoja. Ribiti unaipima kwa kuweka kidole upande mmoja wa kichwa chake na kugonga kwa nyundo upande wa pili. Ikiwa imelegea, kidole kinaisikia ikicheza kabla ya sikio. Nilipata kumi na tisa. Nikaandika kutu imekula wapi, mbao za sakafu zimeoza wapi, nikaweka na picha. Nilipendekeza ukarabati: boliti mahali pa ribiti mbovu, mbao mpya, rangi.

Siku ya kuondoka nilikutana na mzee anatengeneza nyavu ukingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Naona mnagonga huko juu tu. Masika hapo kwenye nguzo ya pili maji yanazunguka kama yanachemka. Sisi mtumbwi hatupitishi."

Nilimshukuru nikapanda gari. Maneno yake hayakuingia kwenye taarifa yangu.

Ukarabati ukafanyika. Masika ya pili baada ya hapo, nguzo ile ilizama upande mmoja usiku, na sakafu ikapinda kama mgongo wa ng'ombe aliyepiga magoti. Mungu alisaidia hakukuwa na mtu juu yake. Lakini kwa miezi saba wagonjwa, wajawazito na wanafunzi walivushwa kwa mtumbwi kwenye mto wenye mamba. Nilipofika kuliona, rangi ilikuwa bado inang'aa. Sijaisahau rangi ile mpaka leo.

Acha nieleze kilichotokea, kwa sababu ndicho kinachoua madaraja mengi ya zamani huku kwetu kuliko kutu. Maji ya mafuriko yakigonga nguzo, yanashuka chini mbele yake na kuuchimba mchanga wa kitako cha mto. Shimo linakuwa refu kuliko wakati wote pale mafuriko yanapokuwa kileleni, wakati ambao hakuna mtu anayeweza kuliona. Maji yakipungua, mchanga unarudi kulijaza. Ukija Septemba unaona kitako kimetulia kama sakafu ya msikiti. Ila mchanga uliorudi ni laini, haujashikamana, na masika yajayo unaondoka upesi. Na misingi ya zamani mara nyingi ni mifupi.

Kwa hiyo siku hizi naanzia chini. Nachukua nondo ndefu yenye ncha, nasimama kando ya nguzo, naisukuma mchangani kwa mikono. Halafu naenda hatua kumi mbali na nguzo nafanya vilevile. Kule mbali ikigoma baada ya nusu mita, na hapa kando ya nguzo ikazama mita mbili bila jasho, basi nimeligusa shimo la mwaka jana. Hapo siandiki neno "rangi" mpaka mhandisi wa misingi aje. Pengine shimo linatibika kwa mawe makubwa au masanduku ya waya yaliyojazwa mawe. Pengine msingi umeshabaki unaning'inia, na kulikarabati daraja la namna hiyo ni kutupa fedha mtoni.

Kinyume chake pia nimekiona. Daraja jingine lilikuwa na kutu ya kutisha, kila mtu analitaka livunjwe. Chini tukakuta nguzo zimekaa juu ya mwamba mtupu. Kutu nayo ilitokana na mifereji ya maji iliyoziba kwa udongo, chuma kikawa kinalala kwenye tope mwaka mzima. Tukasafisha, tukabadilisha vipande vilivyoliwa, tukaweka kibao cha tani kumi. Linapitisha watu, bodaboda na magari madogo hadi leo.

Kuhusu chuma chenyewe nina machache. Kisichomewe kabla kipande chake hakijapelekwa maabara; chuma cha zamani kingine hakipendi kuchomewa, kinapasuka pembeni ya mshono. Msikwangue rangi ya zamani hovyo, kwani nyingi ina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu kwa mafundi na kwa wanaochota maji chini. Tena chuma hakifanani na chuma: daraja la Hammersmith la London, la mwaka 1887, lilifungwa kwa magari Aprili 2019 kwa sababu ya nyufa kwenye vitako vya chuma cha kumiminwa, aina ambayo hupasuka bila kupinda kwanza.

Misingi ikiwa salama, swali linalobaki ni kazi: daraja litabebeshwa nini. Lori na tela lake kisheria linaweza kufika tani 56 siku hizi. Aliyechora daraja la mkoloni hakuliona lori hilo hata ndotoni, na ukarabati wa rangi hautalifanya lilibebe. Daraja la Wami, Tanzania, ni mfano ninaoupenda. Daraja la 1959 lilikuwa jembamba, liko bondeni kati ya miteremko, na barabara ya Chalinze hadi Segera inabeba malori ya kaskazini yote. Hata lingekuwa halina kutu kabisa, lisingetosha. Jipya la zaidi ya mita 500 likajengwa, na mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi. Jinja, Uganda, magari yalipita juu ya bwawa la Nalubaale la 1954. Huwezi kuvunja daraja ambalo ndilo bwawa, kwa hiyo mwaka 2018 lilifunguliwa jipya la mita 525 kando yake. Dar es Salaam, Salenda la 1929 lilipanuliwa, na lilipozidiwa likapewa mwenzake: Tanzanite, zaidi ya kilomita moja baharini, mwaka 2022. Salenda bado linapitisha magari.

Ndiyo maana nawaambia madiwani kwamba kuna njia ya tatu, nayo ndiyo husahaulika vikaoni: jengeni jipya pembeni, la zamani liachieni waenda kwa miguu na baiskeli. Uzito ukiondoka, chuma kilichochoka kinaweza kuishi miaka mingi. Wazee wanaopinga wasikilizwe. Babu zao walibeba mawe ya nguzo zile, na hilo linastahili fedha za matunzo. Halistahili basi la abiria.

Mkikubaliana kulibakiza, andikeni hapohapo kwenye muhtasari fungu la kuzibua mifereji kila mwaka na jina la cheo kitakachowajibika. Bila hivyo mnaahirisha kulivunja tu.

Diwani nimemwomba kitu kimoja kabla sijafika Jumamosi: anitafutie wavuvi wawili wazee wanaoujua mto ule wakati wa masika. Nitakuja na nondo na daftari, na watakachosema kitaandikwa ukurasa wa kwanza.