Kabla Hujakubali Jino la Utotoni Ling'olewe

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mpwapwa alinitumia ujumbe. Mwanawe ana miaka 9, meno ya mbele ya chini hayajaota, na huyo mama amesikia eti mimi nimepandikiziwa meno mdomo mzima. "Dada, ni shilingi ngapi, na mtoto apandikizwe lini? Ijumaa ijayo wanamng'oa mawili ya utotoni ili yale mengine yapate njia." Hayo maneno ya mwisho yalinitoa machozi, nitasema kwa nini.

Kwanza, si mdomo mzima. Nilizaliwa bila mbegu za meno 11 ya ukubwani. Mtu mzima ana meno 28 ukiacha magego ya mwisho, na aliyekosa 6 au zaidi tangu tumboni madaktari humwita mwenye oligodontia. Mara nyingi hutokana na vinasaba. Baba yangu amekosa mawili na hakuwahi kujua, hadi nilipommulika mdomoni kwa tochi ya simu.

Lakini utotoni nani angeniambia habari za vinasaba? Shuleni, pale Chang'ombe ya Dodoma, niliitwa Kibogoyo mpaka mwalimu wa zamu akaniita hivyo mstarini. Majirani walishikilia kwamba nilitolewa meno ya nailoni. Mnaijua hiyo: mtoto anaharisha, homa imepanda, wanasema ni meno ya nailoni, anaitwa mtu na kitu chenye ncha, anachokonoa fizi na kutoa kijino cheupe laini. Kile ni chipukizi la chonge, basi. Mama yangu alikana mpaka akachoka kukana. Wengine walisingizia maji ya kisima. Floraidi ya huku kwetu kanda ya kati hutia jino madoa ya kahawia, sawa, ila haiwezi kulizuia lisiwepo.

Nikiwa na miaka 15, meno yangu kadhaa ya utotoni yalikuwa bado imara. Nikapelekwa mahali, sipataji, nikang'olewa matatu asubuhi moja. Sababu? "Yapate njia." Hakuna aliyepiga picha ya eksirei ya taya. Tukasubiri mwaka, tukasubiri wa pili. Hakukuwa na jino lolote chini yake! Na mfupa wa taya hukaa kwa sababu kuna mzizi wa jino ndani yake. Mzizi ukiondoka, mfupa husinyaa. Yale matatu yangeweza kunikalia miaka mingi, wapo watu wazima wanaotafunia gego la utotoni mpaka leo.

Miaka ya katikati naiacha, ni ya kucheka huku nimeziba mdomo kwa kiganja.

Nilipofika 31, kikoba kikanipa mgao wangu, fedha ya kununulia kiwanja Nzuguni, nikapanda basi kwenda Dar kupandikizwa meno, yaani skrubu ndani ya taya na jino la bandia juu yake. Daktari akaitazama picha, akaniambia, "Dada, hapa skrubu haina pa kushika." Ikabidi nipandikizwe mfupa kwanza, nikae miezi 6. Kisha skrubu za titani. Kisha miezi 4 mingine mfupa uote na kuishikilia ile titani, ndipo zikavishwa meno juu. Safari za mwanzo zilikuwa za basi, za mwisho za SGR. Skrubu moja ililegea ikatolewa, tukarudia. Niliilia ile moja kuliko yote.

Siku moja nikiwa na ganzi, daktari akanisimulia kwamba mtu wa kwanza kuwekewa skrubu hizi, mwaka 1965 huko Sweden, aliitwa Gösta Larsson, na Profesa Brånemark ndiye aliyemwekea. Larsson alizaliwa na kasoro ya taya na meno pungufu. Alifariki 2006, skrubu zikiwa bado zinafanya kazi. Kumbe aliyetangulia alikuwa mwenzetu! Nilitaka kuuliza zaidi, mdomo haukuwa wangu.

Sasa ushauri, maana ndio mlioufuata. Picha ya taya nzima kwanza, kabla ya koleo. Mtoto asipandikizwe: skrubu haisogei na taya inayokua, meno jirani yatapanda na jino la bandia litabaki chini kama limezama. Msubiri afike 18 hivi, mvulana hata zaidi. Kwa sasa avae meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, yabadilishwe anavyokua. Na tazama nywele na jasho lake. Kama nywele ni nyepesi mno na hatoki jasho, kuna hali ya kurithi inayogusa vyote hivyo pamoja na meno, na jua la Oktoba la Dodoma ni hatari kwake. Kitambaa chenye maji, kivuli, na daktari wa watoto. Nasema tena, picha kwanza.

Na nyie wazazi wengine, acheni kumwambia mtoto "funga mdomo" wageni wakija. Mnamfundisha kujificha nyumbani kwao. Nyie vijana mnaotafuta meno kwa ajili ya picha za harusi, nawaelewa, nami nilikuwa hivyo, lakini anayekuahidi meno ndani ya wiki moja bila kuupima mfupa wako anaitaka pochi yako.

Mama wa Mpwapwa, tangu jana hujanijibu. Ijumaa usimpeleke. Nipigie kwanza, hata iwe usiku.