Darasa la skripti ni la bure, ila usiende mikono mitupu

Kama umejiandikisha kwenye darasa la bure la kuandika skripti za filamu hapa Dar, nakusihi uende na kurasa zako. Mimi Jumamosi tatu za mwanzo nilikwenda na daftari tupu, nikanakili kila alichosema dairekta anayetufundisha, nikarudi nyumbani najiona msomi. Jumamosi ya nne akaniomba sini moja tu, yaani tukio moja la mahali pamoja. Sina! Tulianza watu thelathini na kitu, tuliofika mwisho hatukutimia kumi, na karibu wote ni wale waliokuwa wanakuja na karatasi.

Sini yangu ya kwanza ilisema: "Mwajuma amekaa kibarazani, anamkumbuka mume wake aliyemkimbia." Dairekta, mtu aliyezoea kushuti kwa kamera ya kuazima na pesa ya mfukoni mwake, akaisoma kwa sauti, kisha akauliza, "Sasa hapo kamera naielekeza wapi? Kwenye ubongo?" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka kwa aibu.

Wiki nzima nikahangaika nayo. Nikamkumbuka mama mmoja jirani yetu wa zamani Mbagala, akiishi peke yake, aliyekuwa anaacha kandambili za kiume mlangoni ili wezi wadhani kuna mwanaume ndani. Nikaandika upya. Jioni, Mwajuma anafagia kibaraza. Anafika kwenye kandambili kubwa za kiume, zimejaa vumbi. Anazipangusa kwa pindo la kanga, anazirudisha, moja anailaza upande, kama vile mtu kazivua sasa hivi. Anaingia, anafunga komeo. Neno "anakumbuka" halimo, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kuna jambo mimi na dairekta hatukukubaliana hadi leo. Yeye anakata salamu zote. Ana hoja: ukurasa mmoja uliopangwa sawasawa, kwa herufi za Courier saizi 12, ni kama dakika moja ya filamu, na "hodi, karibu, shikamoo, marahaba, za safari" zinakula nusu yake bila tukio lolote. Lakini kwetu ugomvi huanzia hapohapo kwenye salamu. Binti akimpita baba yake bila shikamoo, ukumbi mzima unajua kuna moto. Kata salamu za mazoea, ile inayouma iache.

Halafu jifunze kuhesabu gharama. Skripti yangu ya kurasa kumi ilikuwa na lokesheni kumi na nne, yaani sehemu za kushutia, mojawapo Kariakoo usiku, mvua inanyesha. Dairekta hakunikosoa, alinipa kalamu tu niandike pembeni ya kila sini: usafiri, chakula cha watu, jenereta, taa. Nilipofika ukurasa wa nne nikaanza kufuta mwenyewe. Mvua niliitoa kwa uchungu.

Utakutana pia na wenzako wanaoficha kazi zao wasije wakaibiwa. Woga huo naujua. Lakini hakimiliki hailindi wazo lililo kichwani, inalinda kile ulichokiandika. Kwa hiyo iandike, na ukitaka utulivu wa moyo kaisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Tena ikifika siku ya kushuti, Bodi ya Filamu nayo itataka kuiona skripti kabla ya kutoa kibali, kwa hiyo siri yako haitadumu.

Zamu ya skripti yako kusomwa kwa sauti darasani ikifika, toa kopi za kutosha, kila mhusika na msomaji wake, na wewe mwenyewe usisome. Kaa nyuma, sikiliza. Pale msomaji anapojikwaa mara mbili kwenye sentensi moja, weka alama, hapo mdomo wa mtu umeikataa. Usimkatize kumweleza ulichokusudia. Muigizaji atakayeicheza hatakuwa na wewe pembeni. Na nauli ya kurudi itenge kabisa, maana darasa linaloandikwa kuisha saa kumi huisha giza limeingia.