Tangazo la watu halisi kwa kamera ndogo: jibu kwa aliyeuliza kuhusu kazi ya dagaa

Mkuu, umesema mteja wako anafungasha dagaa wa Ziwa Victoria, anataka tangazo la sekunde 60 la mtindo wa dokumentari, lenye wavuvi na waanikaji wenyewe bila waigizaji. Bajeti ni shilingi milioni 6. Una Sony FX30, lakini rafiki yako anakushauri uiache nyumbani ukodi kamera kubwa ya sinema kwa siku moja ili mteja aone "kazi ya kimataifa". Nimefanya kazi za aina hii kwa miaka mingi, baadhi yake kwenye mialo (fukwe ambapo mitumbwi hushusha samaki) ya Mwanza na Ukerewe, kwa hiyo nakujibu bila kuzunguka: baki na FX30 yako, na hela ya kukodi inunulie muda wa kukaa mwaloni.

Kamera kubwa haiji peke yake. Inakuja na mtu wa fokasi, mtu wa taa, jenereta na gari la kubeba vyote hivyo. Mvuvi akishajiona amezungukwa na kundi lile, anabadilika mbele ya macho yako. Anavaa shati la kanisani, anasimama wima, anaanza Kiswahili cha risala: "Sisi kama wavuvi wa mwalo huu tunapenda kushukuru..." Hapo tangazo limeshakufa, hata kama picha inang'aa. FX30 pamoja na betri na kadi haifiki gramu 700. Watu wawili mkiwa na kamera hiyo mnaweza kuingia mwaloni alfajiri, mkasalimia, mkanywa chai na kina mama, na jua likishapanda watu wanaendelea na shughuli zao kama vile hampo. Picha za tangazo lako zinaanzia hapo.

Kuhusu ubora, usitishwe. FX30 ina sensa ya ukubwa wa Super 35, yaani karibu na fremu ya filamu za sinema za milimita 35, na inarekodi 4K ya biti 10, 4:2:2 (kipimo cha taarifa za rangi zinazohifadhiwa). Biti 8 inakupa ngazi 256 kwa kila rangi, biti 10 inakupa 1,024, na tofauti hiyo utaiona kwenye anga la alfajiri juu ya ziwa, ambapo biti 8 huacha michirizi ukishaanza kurekebisha rangi. Mtu akiniuliza kamera mbadala ya bei nafuu, humtajia Blackmagic Pocket 4K, iliyotoka 2018 kwa dola 1,295. Rangi zake ni nzuri sana, ila betri yake haidumu na haikufuatii fokasi mtu anapotembea. Kwa kazi ya kukimbizana na watu mwaloni, yako inakufaa zaidi.

Sasa ratiba, na hapa ndipo wengi wa mjini wanapokwama. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa zinaelea juu ya maji, dagaa wanakusanyika chini yake, kisha wavu unazungushwa. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki vizuri, na mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo kabla hujamwahidi mteja tarehe yoyote, angalia kalenda ya mwezi. Panga kufika siku za giza, na usipange siku moja tu, maana upepo nao una maamuzi yake.

Usiku ziwani, FX30 ina ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) mbili za msingi kwenye S-Log3, ile logi ya Sony inayorekodi picha iliyofifia ili urekebishe rangi baadaye: 800 na 2500. Weka 2500, lenzi yenye tundu kubwa la mwanga, f/1.8 au karibu na hapo, na uache taa za wavuvi zifanye kazi yote. Usiongeze taa yako. Mwanga ule unaotoka chini, unaopiga kidevu na mikono yenye maji, hutaupata studio. Jaribu kwanza taa zao ukiwa nchi kavu, kwa sababu baadhi ya LED za bei rahisi huwaka na kuzimika haraka kuliko jicho linavyoona, lakini kamera inaona. Badilisha shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) taratibu mpaka mistari ipotee. Na vaa jaketi la kuokolea, wewe na msaidizi wako. Hili si la kujadili na nahodha wala na mteja.

Nchi kavu, rekodi fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Mafunzo mengi ya YouTube yanatoka Marekani, umeme wao ni hezi 60, ndiyo maana wanasema 1/60 na fremu 24 au 30. Umeme wetu ni hezi 50. Ukitumia 1/60 ndani ya ghala lenye tyubu za zamani utapata mawimbi ya mwanga yanayopanda na kushuka, na hayo ni shida kuyaondoa baadaye. Mchana jua ni kali mno kwa 1/50: ukiwa ISO 800 na f/5.6 unahitaji filta ya ND (kioo cheusi cha mbele ya lenzi) ya kupunguza kama stopu 7, kila stopu ikiwa ni kukata mwanga kwa nusu, na ukitaka f/2.8 ni stopu 9. Nunua filta nzuri moja kabla ya kufikiria lenzi ya pili.

Jambo lingine ambalo mafunzo hayo hayasemi vizuri ni ngozi. Wanakuambia uso ukae kwenye 70 ya zebra, ile michirizi ya kwenye skrini inayoonyesha sehemu iliyofikia kiwango fulani cha mwanga. Hiyo ni kwa ngozi nyeupe, tena kwa picha ya kawaida isiyo ya logi. Ngozi ya mama wa Ukerewe aliyeshinda juani inapendeza ikikaa chini ya hapo, kati ya 40 na 60 baada ya kuweka LUT (faili inayogeuza picha ya logi kuwa na rangi za kawaida), huku mng'ao wa paji la uso ukibaki bila kuungua. Ukimpandisha mpaka 70 unamfanya awe na rangi ya majivu, na yeye mwenyewe akijiona hatajitambua. Tumia muda wako hapa. Watu hawa wanakukabidhi sura zao.

Sauti ichukue sehemu kubwa ya hela yako kuliko lenzi. Mtazamaji atavumilia picha yenye chembechembe, lakini sauti ya upepo wa ziwa ikigonga maiki ataipita video bila kufikiri. Maiki mbili za kubana kwenye nguo zisizo na waya, zenye manyoya ya kuzuia upepo, na hedifoni za kufunika masikio zinatosha. Ukipata mfumo unaorekodi ndani ya maiki yenyewe kwa biti 32 float, ambayo haipasui sauti ikipanda ghafla, bora zaidi, kwa sababu mvuvi huongea kwa upole halafu ghafla anampigia kelele mwenzake aliye kwenye mtumbwi mwingine. Halafu kuna muziki. Kila mwalo una kibanda chenye spika, na wimbo ukishaingia kwenye mahojiano huwezi tena kukata sentensi bila wimbo kuruka, mbali na suala la hakimiliki. Nenda kwa mwenye kibanda mapema, mweleze, na mfidie kidogo kwa kupunguza sauti kwa muda huo.

Mahojiano yenyewe yafanye mikono ikiwa na kazi. Mama akiwa anapindua dagaa kwenye kichanja ataongea tofauti kabisa na akiwa amekaa kwenye kiti. Muulize kuhusu jambo lililotokea: siku mvua iliponyesha dagaa wakiwa chini, nani alimfundisha kuanika kwenye kichanja badala ya mchangani, bei inakuwaje wakiwa na mchanga. Usimuulize bidhaa ya mteja ni nzuri kiasi gani. Akitaka Kisukuma au Kikerewe, aongee, utaweka maandishi chini. Ukitaka atazame moja kwa moja kwenye lenzi, kuna njia aliyoitumia Errol Morris, yule aliyeongoza matangazo ya Apple ya "Switch" mwaka 2002: kioo cha kusomea maneno kinawekwa mbele ya lenzi, ila badala ya maneno kinaonyesha uso wa anayeuliza. Kioo kidogo, tableti na simu ya video vinatosha. Mimi huitumia kwa watu waliozoea simu. Kwa mzee ambaye hajazoea, kaa tu pembeni ya lenzi mzungumze.

Na usiweke maneno ya mteja kinywani mwa mtu. Mlipe kwa muda wake, kwa sababu amesimamisha kazi, lakini anachosema kibaki chake. Mteja akitaka sentensi fulani isikike, iandikwe kwenye skrini kwa jina la kampuni.

Vibali havihitaji maelezo marefu: Bodi ya Filamu, TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) kama unarusha droni, na pale mwaloni uongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) pamoja na serikali ya kijiji au mtaa. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili na isomwe kwa sauti kabla ya kusainiwa. Iseme wazi kwamba hili ni tangazo la biashara, litaonekana wapi na kwa muda gani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata isingekuwepo, mama yule ana haki ya kujua kwamba sura yake itakuwa barabarani Dar.

Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inakula kama GB 45. Beba diski mbili, nakili kila jioni kwenye zote, na zisafiri kwenye mabegi tofauti. Kwa kuediti, DaVinci Resolve ya bure inakufikisha 4K UHD. Tengeneza proksi (nakala nyepesi za video za kuediti) kama laptopu inalemewa.

Kuhusu mteja kuvutiwa na ukubwa wa kamera, usibishane naye kwa maneno. Nenda mwalo ulio karibu, chukua picha za asubuhi moja, mtumie sekunde 20 zenye sauti ya mama mmoja na dagaa wakimwagwa kwenye kichanja. Wateja wengi niliofanya nao kazi hawakurudi tena kwenye swali la kamera baada ya hapo. Usisahau kuandika kwenye mkataba kwamba utatoa pia matoleo ya sekunde 30 na 15, pamoja na la wima kwa ajili ya simu, na kila moja liwe na bei yake.

Tuambie mteja anataka tangazo lianze kuonekana lini, tuhesabu kurudi nyuma tuone ni giza la mwezi gani linakufaa.