Flagyl, Imodium au ORS: ipi inafaa kwa anayeharisha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi na mwanangu wa mwaka na nusu tunaharisha maji matupu tangu jana, bila damu. Duka la dawa wamenipa Flagyl, Imodium, ORS na zinki. Ipi ina nguvu zaidi? Na je, mtoto nimkatie nusu ya Imodium?

JIBU: Marahaba, mama. Hilo la mwisho kwanza: mtoto usimpe Imodium hata robo. Inapunguza mwendo wa utumbo, na kwa aliye chini ya miaka miwili unaweza kusimama kabisa, tumbo likajaa, hata pumzi ikapungua. Wewe unaweza kuitumia, tuseme una safari ya basi: miligramu 4 kuanzia, kisha 2 kila unapoharisha, zisizidi miligramu 8 kwa siku. Kama bado unanyonyesha au una mimba, muulize mfamasia kwanza. Ukipata homa kali au damu kwenye choo, acha.

Flagyl inaua vijidudu vya amiba na giadia. Mtoto mdogo anayeharisha maji mara nyingi ana virusi, kama rota, na virusi Flagyl haiviwezi. Inaniuma kuona kila tumbo likiuma watu wanakimbilia Flagyl. Mtoto inamwongezea kichefuchefu tu. Iwekeni kando mpaka choo kipimwe.

Sasa ORS, ule unga wa chumvi na glukosi (sukari) unaochanganywa na maji. Haifungi tumbo, ndiyo maana akina mama wengi huiacha siku ya pili wakisema haifanyi kazi. Lakini kinachoua ni maji na chumvi vinavyopotea. Glukosi iliyomo huivuta chumvi ipenye ukuta wa utumbo, na maji hufuata, hata utumbo ukiwa mgonjwa. Mwaka 1971 kipindupindu kilipozuka kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, dripu zilikwisha. Dk. Dilip Mahalanabis akawanywesha wagonjwa mchanganyiko wa aina hii, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Soma pakiti: nyingi ni za lita moja. Chupa tupu ya maji ya lita moja ni kipimo kizuri. Mimina unga wote kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa. Usigawe kwa makadirio, usiongeze sukari. Kila akiharisha mpe robo hadi nusu kikombe, kwa kijiko, taratibu. Akitapika, subiri dakika 10, endelea. Yakibaki baada ya saa 24, mwaga. Nawe kunywa hayo hayo, kila ukitoka chooni. Mtoto aendelee kula na kunyonya.

Zinki ni ya mtoto: kidonge cha miligramu 20, kimoja kwa siku, kiyeyushwe kwenye kijiko cha maji safi. Mpe siku 10 kamili hata choo kikikauka siku ya tatu, maana humkinga asiharishe tena miezi miwili mitatu ijayo.

Macho yakiingia ndani, akalegea, akashindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Kama anaweza kumeza, mpe ORS njia nzima.