Nimebeba mapacha: nilale tu hadi nijifungue?

SWALI: Shikamoo Bibi Mkunga. Nina mimba ya wiki 29, na ultrasaundi imeonyesha mapacha. Mama mkwe amenikataza hata kufagia uwanja, anasema nilale tu wasije wakazaliwa njiti. Tangu juzi kiuno kinakaza na kuachia kila jioni, ila nadhani ni uzito. Nifanyeje? – Msomaji, Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilikupigia simu siku ileile barua ilipofika, maana kiuno hicho kisingesubiri gazeti lichapwe, na nashukuru ulikwenda hospitali. Hapa naandika ili na wenzako wajue kwa nini nilikuharakisha.

Hofu ya mama mkwe ina msingi. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37. Lakini kulala kutwa hakuzuii uchungu, tena damu inaweza kuganda miguuni. Fagia ukijisikia, ukichoka pumzika, ndoo ya maji abebe mwingine.

Kinachosaidia ni kuwahi. Kiuno au tumbo likikaza na kuachia, ukihisi uzito unasukuma chini, chupa ikipasuka au ukiona damu, ondoka saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Kati ya wiki 24 na 34 ipo sindano ya deksamethasoni inayokomaza mapafu ya watoto: dozi nne, kila baada ya saa 12. Piga hesabu mwenyewe. Anayefika mtoto akiwa mlangoni, hiyo sindano itafanya kazi saa ngapi? Na ulizeni mapema ni hospitali gani ina wodi ya njiti, maana zahanati haina, mkaweke nauli kando.

Muulize pia daktari kama wanao wanachangia kondo moja. Wanaochangia huhitaji ultrasaundi kila wiki mbili.

Nikiwa zamu ya usiku niliwahi kupokea mapacha wa kilo 1.3 na 1.5. Mama alimweka Kulwa kifuani, ngozi kwa ngozi, na mama mkwe akamfunga Doto kwenye kifua chake, chini ya kanga. Yule bibi alikataa hata kuinama kuchukua kikombe cha chai, asije akamlegeza mjukuu. Tulimnywesha kwa mkono. Wote wawili walitoka wodini wakinyonya.

Basi mwambie mama mkwe aanze kutafuta kanga laini, zilizokwisha kufuliwa mara nyingi.